Maonyesho ya baiskeli Ujerumani: mwongozo kamili kwa anayetafuta bei nafuu

Kila kiangazi maswali ni yale yale. Mtu amesikia kuna maonyesho makubwa ya baiskeli Frankfurt, amelipa kiingilio, amedamka alfajiri kupanda treni, na jioni anarudi na mfuko wa vipeperushi, chupa ya maji yenye nembo ya kampuni na kofia aliyoinunua ghali kuliko ya dukani. Baiskeli hakupata. Kisha anauliza amekosea wapi.

Mara nyingi kosa limeanzia kwenye mazoea. Sisi tuliokulia Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, au maonyesho ya Jamhuri Park Nairobi, tunajua maonyesho ni mahali pa kununua. Unakwenda na pesa, unapatana, unatoka na sufuria au godoro kwa bei ya Sabasaba. Maonyesho ya kibiashara ya baiskeli huku Ulaya hayaendi hivyo. Wengi walio kwenye mabanda hawana hata mashine ya kupokea malipo. Wamekuja kuongea na wenye maduka kuhusu oda za msimu ujao.

Kwa hiyo, yanamfaa mtu mwenye mfuko mwembamba? Yanamfaa kama atayatumia kupima, kujaribu na kujua modeli ipi iko mbioni kuondoka sokoni, halafu akanunue kwingine na wakati mwingine. Akienda kwa nia ya kurudi na baiskeli mkononi, abaki nyumbani.

Nimeandika kwa walio Ujerumani kwa kuwa maswali mengi yanatoka huko. Aliye Austria au Uholanzi atafuata hatua zile zile, ila sheria za mauzo azihakiki za nchi yake.

## Vitu vya kuandaa

- Futi ya kamba. Rula ya shule ya sentimita 30 ni fupi kidogo kwa kazi ya kupima mnyororo, utaona sababu mbele.
- Tochi ndogo. Nyufa za fremu hujificha kwenye kivuli.
- Seti ya alenki (funguo za pembe sita) na pampu ndogo.
- Kofia yako ya baiskeli. Bila kofia mabanda mengi hayakuruhusu kujaribu.
- Simu yenye chaji, na ndani yake picha za baiskeli uliyonayo: maandishi ya ubavuni mwa tairi, gia za nyuma, breki, na namba zozote zilizochorwa kwenye vipuri.
- Kitambulisho cha kuacha dhamana wakati wa kujaribu. Usiache kibali chako cha kuishi wala pasipoti. Toa leseni ya udereva au kadi nyingine ambayo ikipotea hutalala na wasiwasi.
- Pesa taslimu kwa magulio ya mitumba, noti ndogo ndogo. Muuzaji mwenye bei ya 130 hashuki hadi 120 ukimwonyesha noti ya 200.
- Nakala mbili za mkataba wa mauziano. Chama cha waendesha baiskeli cha Ujerumani, ADFC, kina fomu yake unayoweza kuchapa bure.

## Hatua ya 1: Jua unakwenda kwenye nini

Kuna makusanyiko ya aina nne, na watu huyachanganya.

Maonyesho ya kibiashara. Eurobike ndiyo maarufu. Tangu 2022 hufanyika Frankfurt. Kabla ya hapo yalikuwa Friedrichshafen. Siku za mwanzo ni za wafanyabiashara, na umma hupewa siku za mwisho. Ratiba hubadilika, kwa hiyo soma ukurasa wa tiketi wa mwaka husika mpaka chini. Mwenzake wa Asia ni Taipei Cycle, nchini Taiwan, ambako wanunuzi wa jumla hukutana na viwanda.

Maonyesho ya umma. Haya hulenga mwendeshaji wa kawaida, kama VELO Berlin au Cyclingworld ya Düsseldorf. Hapa kuna njia za kujaribia, na baadhi ya mabanda huuza, hasa nguo, taa, kufuli na mifuko.

Gulio la baiskeli za mtumba. Tafuta maneno *Fahrradbasar*, *Gebrauchtradmarkt* au *Fahrradbörse* pamoja na jina la mji wako. Mengi hufanyika masika, Machi hadi Mei, kwenye viwanja vya shule, makanisa au ofisi za mtaa, na matawi ya ADFC huandaa baadhi yake. Kiingilio mara nyingi hakuna.

Mauzo ya ghala. Neno la kutafuta ni *Lagerverkauf*. Duka au msambazaji anafungua ghala siku mbili tatu kuondoa mabaki.

Kama lengo lako ni kutoka na baiskeli siku hiyo hiyo, nenda aina ya tatu au ya nne. Kama hujui bado unataka baiskeli gani, aina ya pili ndiyo shule nzuri kuliko zote. Aina ya kwanza iache kwa mwenye duka, fundi, au mtu anayeagiza vipuri vya kupeleka Afrika Mashariki.

*Umefaulu hatua hii kama* unaweza kusema kwa sentensi moja: nakwenda kujaribu, au nakwenda kununua. Ukisema vyote viwili, anza tena.

## Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kulipa kiingilio

Punguzo la maonyesho lina gharama yake. Tuseme kiingilio, nauli na chakula vinakula euro 60. Umekusudia kununua kofia, kufuli na taa za jumla ya euro 150, na bandani unapewa punguzo la asilimia 20. Umeokoa 30, umetumia 60. Hiyo si bei nafuu, ni matembezi. Matembezi si dhambi, lakini yaandike kwenye safu ya matembezi.

Nauli ina mtego wake. Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma wa mijini na mikoani, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na kupanda hadi 58 mwaka 2025, inakubeba wewe; baiskeli kwa kawaida inahitaji tiketi yake. Na kwenye treni za kasi za ICE baiskeli haipandi bila kuwekewa nafasi mapema. Mtu anayenunua baiskeli ugenini Jumapili jioni bila kufikiria hili huishia kulala kwa jamaa.

*Umefaulu kama* una namba moja kwenye karatasi: punguzo ambalo chini yake safari ni hasara.

## Hatua ya 3: Andika bei ya kweli, siyo ya kwenye lebo

Kwenye lebo utaona UVP, yaani bei ambayo kiwanda kinapendekeza. Chini yake imeandikwa bei ya siku, kwa herufi nyekundu. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayowachanganya watu, maana UVP ni bei ambayo mara nyingi hakuna aliyewahi kuilipa. Baiskeli yenye UVP ya 1,499 inayouzwa 1,099 kila duka la mtandaoni haijapunguzwa hata senti ukiikuta bandani kwa 1,099.

Wiki moja kabla, chagua modeli zisizozidi tano. Kwa kila moja andika jina kamili, mwaka wa modeli, na bei ya chini kabisa uliyoiona kwenye duka linalojulikana. Mwaka wa modeli usiuruke: rangi ikibadilika na gia zikabaki zile zile, ya mwaka jana ni baiskeli ile ile kwa pesa pungufu.

Inasaidia pia kujua soko limetoka wapi. Mwaka 2020 na 2021 watu wengi walitaka baiskeli kwa mpigo, maduka yakaagiza kupita kiasi, na mzigo ukafika wakati wateja wameshapoa. Ndiyo maana kuanzia 2022 na 2023 maghala yalijaa na bei zikaanguka. Baadhi ya wauzaji wakubwa hawakuvuka: Wiggle ya Uingereza iliingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Oktoba 2023. Funzo kwa mnunuzi ni la kawaida tu. Bei ya chini sana kutoka kwa muuzaji anayeyumba huja bila mtu wa kumrudia kitu kikiharibika.

## Hatua ya 4: Jipime mwenyewe

Baiskeli isiyokutosha ni ghali hata ukipewa bure. Magoti yatalipa.

Vua viatu, simama ukiegemea ukuta, bana kitabu kigumu kati ya mapaja na ukipandishe mpaka kikomee kwenye msamba. Mwenzako apime kutoka sakafuni hadi ncha ya juu ya kitabu. Huo ndio urefu wa mguu wa ndani.

Kwa baiskeli ya mjini au ya safari, zidisha urefu huo kwa 0.66 upate ukubwa wa fremu kwa sentimita. Mwenye mguu wa sentimita 80 atapata karibu 53. Kwa urefu wa kiti, zidisha kwa 0.883; hiyo ni kutoka katikati ya ekseli ya kranki (mikono inayoshika pedali) hadi juu ya kiti. Kwa huyo huyo wa 80, kiti kikae karibu sentimita 70.6.

Namba hizi ni mahali pa kuanzia. Kampuni moja fremu ya 53 inakufaa, nyingine 55, kwa sababu urefu wa fremu kwenda mbele unatofautiana. Na hapo ndipo maonyesho ya umma yanapolipa kiingilio chake: ndani ya saa tatu unaweza kukalia baiskeli ambazo zingekuchukua miezi kuzizungukia duka kwa duka.

## Hatua ya 5: Siku ya maonyesho

Fika mapema kwa ajili ya kujaribu, maana foleni hurefuka baada ya saa tano asubuhi. Rudi bandani mwishoni mwa siku kwa ajili ya bei. Katikati ya hapo zungumza na watu.

Jaribu kwanza ile usiyoweza kuinunua. Sababu yake ni kupata kipimo. Ukishaendesha baiskeli nzuri yenye ukubwa wako sahihi, utajua gia inayobadilika vizuri inasikikaje na breki nzuri inashikaje. Ndipo ukipanda ya bei yako utatofautisha kinachokosekana kwa sababu ya bei na kinachokosekana kwa sababu ya ubovu.

Uliza maswali matatu tu. Modeli hii inaendelea mwakani au inaondoka? Nini kitabadilika? Duka gani karibu na ninapokaa lina ya mwaka huu bado? Wahudumu wa mabanda hujibu haya kwa furaha, maana si siri na wewe si mshindani wao. Jibu la kwanza ndilo dhahabu. Modeli inayoondoka itapunguzwa bei vuli ikifika, na wewe umeshaijua miezi mitatu kabla.

Soma lebo. *Vorführrad* ni baiskeli iliyojaribiwa na watu. *Ausstellungsstück* ni ile iliyosimama kwenye maonyesho. *Restposten* ni mabaki ya mzigo. Zote zinaweza kuwa nafuu, ila kila moja ina swali lake. Ya kujaribiwa: mnyororo na breki vimechakaa kiasi gani? Ya maonyesho: je, ni bidhaa kamili ya kiwandani au sampuli?

Sampuli ni jambo la kuangalia kwa makini. Kampuni huleta baiskeli zilizotengenezwa kabla ya uzalishaji kuanza, na vipimo vyake vinaweza kutofautiana na vya bidhaa ya dukani. Ukiuziwa sampuli na ikavunjika, hupati kipuri chake wala dhamana ya kiwanda. Muulize muuzaji waziwazi kama ina namba ya fremu na dhamana ya kawaida. Akianza kuzungukazunguka, mshukuru uende.

Mapatano. Mjerumani hapendi kuulizwa bei ya mwisho kama tulivyozoea Kariakoo au Gikomba, hasa kwenye banda lenye nembo kubwa. Anapunguza kwa njia nyingine. Mwambie bei unaikubali, kisha uulize kama anaweza kuongeza kufuli, au huduma ya kwanza ya bure. Saa ya mwisho ya siku ya mwisho, wakati watu wanafungasha, hata mwenye uso wa mawe hulegea, kwa kuwa kila kinachobaki ni mzigo wa kubeba.

Vitu vya kununua papo hapo bila majuto: glavu, mifuko ya kariya, nguo za mvua za msimu uliopita, zana za mkononi. Taa zinunue ukiona namba ya kibali inayoanzia na K, iliyopigwa kwenye taa yenyewe. Bila hiyo haziruhusiwi kwenye barabara za Ujerumani hata ziwe na mwanga wa jua. Kofia iwe na alama ya EN 1078 na tarehe ya kutengenezwa ndani yake. Kofia ya mtumba usinunue kamwe, kwa kuwa pigo lililoiharibu halionekani kwa macho.

*Umefaulu kama* unatoka na majina mawili ya modeli, ukubwa wako kwa kila moja, na jibu la zipi zinaondoka.

## Hatua ya 6: Ukinunua vipuri, nunua kwa namba

Wengi huona sanduku la tairi za euro nane wanasahau kila kitu. Kisha tairi inafika Morogoro au Kisumu na haiingii.

Usiamini inchi, amini namba ya milimita iliyoandikwa ubavuni, kwa mfano 47-622. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha pale tairi inapokaa kwenye rimu. Ya pili ndiyo isiyosamehe.

- 559: baiskeli za milimani za zamani, zile za inchi 26. Zimejaa Afrika Mashariki kwa njia ya mitumba.
- 584: inchi 27.5.
- 622: hii inaitwa 28 kwenye baiskeli za mjini, 29 kwenye za milimani na 700C kwenye za mbio. Rimu ni ile ile.
- 635: baiskeli za mizigo zile nyeusi, Phoenix na wenzake, zenye tairi ya 28 × 1½.

Ona mtego ulipo. Ya 622 na ya 635 zote zinaitwa "28". Milimita 13 zinazotenganisha hazisogezwi kwa nguvu wala kwa sabuni. Anayemletea mzee tairi ya Phoenix kutoka Ujerumani aandike 635 kiganjani.

Mnyororo hufuata idadi ya gia za nyuma: wa gia 8 hautumiki kwenye 11. Kaseti (seti ya meno ya gia za nyuma) ya gia 12 inahitaji habu, yaani kitovu cha gurudumu, inayoikubali, na watengenezaji wa vipuri Shimano na SRAM hawakukubaliana kuhusu umbo lake. Diski za breki zipo za bolti sita na zipo za kufungwa kwa pete ya katikati. Beringi za kranki zenye uzi wa Kiingereza hufunguliwa upande wa mnyororo kwa kuzungusha kama saa inavyokwenda, kinyume na bolti za kawaida, na za Kiitaliano hazifuati kanuni hiyo. Kama mojawapo ya haya hulijui kwa baiskeli yako, piga picha umwonyeshe fundi kabla ya kulipa. Kipuri kisichoingia hakina bei nafuu.

## Hatua ya 7: Kwenye gulio la mtumba, kagua kwa mpangilio

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa, na ndipo nyingi hupotea. Fika dakika ishirini kabla ya kufunguliwa, kwa sababu nzuri huondoka mwanzoni. Usishike usukani ukatabasamu. Fuata orodha hii, kila mara kwa mpangilio ule ule, ili msisimko usikurushe hatua.

Fremu. Geuza baiskeli, washa tochi. Angalia kwenye maungio: chini ya shingo ya mbele, kuzunguka kranki, na pale nguzo ya kiti inapoingia. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba yaweza kuwa ufa wa chuma. Rangi iliyovimba kidogo chini ya shingo ni dalili ya kugonga kitu kwa mbele. Fremu ya kaboni ya mtumba iachie mtu anayezijua.

Namba ya fremu. Huwa imegongwa chini ya kranki au kwenye bomba la kiti. Ikiwa imesuguliwa, ondoka bila kuuliza sababu.

Shingo. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mgongano mdogo kwenye vidole, beringi zimelegea au zimekufa. Inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole; ukinasa katikati kana kwamba kuna shimo, beringi zimechimbika.

Kranki. Shika mkono wa kranki, usiguse pedali, uusukume kuelekea kwenye fremu na kuuvuta. Ukicheza hata kidogo, ni kazi ya fundi.

Magurudumu. Yazungushe ukitazama nafasi kati ya rimu na breki. Kuyumba milimita moja mbili hunyooshwa kwa spoku. Kama breki ni za kubana rimu, pitisha ukucha kwenye uso wa rimu: ukikuta bonde, rimu imeliwa na inaweza kupasuka. Rimu mpya pamoja na kazi ya kuisuka mara nyingi hugharimu zaidi ya punguzo ulilopewa.

Mnyororo. Pima pini hadi pini, pingili 24. Mpya inatoa milimita 304.8, yaani inchi 12 kamili. Ikifika 306.4 mnyororo umechoka. Ikizidi 307, inawezekana meno ya kaseti nayo yameliwa, na hapo utanunua vyote viwili. Ndiyo sababu ya futi ya kamba.

Breki za diski. Diski nyingi za Shimano huanza na unene wa milimita 1.8 na kikomo chake ni 1.5. Bana lever ushikilie hesabu ya ishirini. Ikizama polepole hadi kwenye mshikio, mafuta yanavuja mahali.

Baiskeli ya umeme. Omba ushahidi wa hali ya betri kutoka duka lenye kifaa cha kuisoma. Betri mpya ni mamia ya euro, na betri iliyokaa ghalani miaka bila kuchajiwa huchakaa hata kama haijatembea kilomita moja. Hili lihesabu pia kwa baiskeli "mpya" ya modeli ya miaka mitatu iliyopita. Bila ushahidi, toa gharama ya betri mpya kwenye bei utakayotaja. Muuzaji akikataa, mwachie.

Baada ya hapo tu ndipo upande uendeshe, upite gia zote, ushike breki kwa nguvu.

*Umefaulu kama* umeandika kasoro zote pamoja na gharama zake kabla ya kutaja bei. Kasoro tatu zilizoandikwa hushusha bei kuliko maneno mengi.

## Hatua ya 8: Karatasi

Sehemu hii ni fupi, ila ndiyo inayorukwa sana.

Ukinunua baiskeli mpya kwa mfanyabiashara, sheria ya Ujerumani inakupa miaka miwili ya kudai kasoro iliyokuwepo. Kwa bidhaa ya mtumba mfanyabiashara anaweza kuupunguza muda huo hadi mwaka mmoja. Mtu binafsi anaweza kuuondoa kabisa kwenye mkataba, na wengi hufanya hivyo.

Zile siku 14 za kurudisha bidhaa bila sababu ni za manunuzi ya mtandaoni. Bandani usizitegemee. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba banda la maonyesho linaweza kuhesabiwa kama duka la muuzaji, pale ambapo mteja wa kawaida anatarajia kwamba hapo kunauzwa. Ukibadili mawazo nyumbani, unategemea hisani ya muuzaji.

Kuhusu wizi: Ujerumani, ukinunua mali ya wizi kwa mtu, haiwi yako hata kama hukujua. Mwenyewe akitokea ataichukua, na pesa zako utazitafuta kwa aliyekuuzia. Kwa hiyo omba risiti ya mwanzo, jaza mkataba wenye namba ya fremu, na jina la muuzaji lilinganishe na kitambulisho chake. Mnada wa hadhara ni tofauti: anayenunua kwa nia njema kwenye minada ya vitu vilivyookotwa, ile ya ofisi za *Fundbüro* za miji, hupata umiliki kamili. Minada hiyo ni chimbo ambalo Waswahili wengi hawalijui.

## Hatua ya 9: Nunua wakati wengine wameacha kununua

Maonyesho yameisha Juni au Julai. Sasa subiri. Kuanzia Septemba maduka huanza kusafisha nafasi ya modeli mpya, na kati ya Novemba na Februari duka la baiskeli ni mahali pakavu, wateja wachache. Ingia siku ya kazi asubuhi, na karatasi yako ya hatua ya tano: modeli hii, ukubwa huu, rangi yoyote. Neno "rangi yoyote" lina thamani, kwa sababu kinachobaki ghalani ni rangi ambazo hazikupendwa.

Kuna chimbo jingine. Waajiri wengi Ujerumani hukodishia wafanyakazi wao baiskeli kwa mikataba ambayo kwa kawaida ni ya miezi 36. Muda ukiisha, zisizonunuliwa na waliozitumia hurudi, hukaguliwa na kuuzwa upya. Tafuta neno *Leasingrückläufer*. Nyingi ni za umeme na zilihudumiwa kwa ratiba, na kwa kuwa muuzaji ni kampuni, unabaki na haki ya kudai kasoro. Kwa anayetaka baiskeli ya umeme, kwa maoni yangu hapa ni pazuri kuliko gulio lolote.

## Kama baiskeli inakwenda nyumbani

Chagua iliyo rahisi kwa fundi wa kule: rimu za 559 au 622, gia 7 au 8 za nyuma, breki za kubana rimu zinazovutwa kwa waya. Breki za mafuta na gia 12 ni nzuri mpaka kipuri kimoja kitakapokosekana Songea.

Kwa ndege, uliza shirika lako kwa maandishi kuhusu vipimo na uzito wa boksi kabla ya kukata tiketi. Maduka mengi hutoa maboksi matupu bure ukiomba. Toa pedali ukikumbuka kwamba ya kushoto uzi wake ni wa kinyume, geuza usukani uwe sambamba na fremu, toa gurudumu la mbele, na weka kipande cha mbao au plastiki kati ya miguu ya foki isije ikakunjwa.

Baiskeli ya umeme ni habari nyingine. Abiria haruhusiwi kusafiri na betri ya lithiamu inayozidi saa-wati 160, na betri nyingi za baiskeli ziko kati ya 400 na 750. Haiingii mkononi wala kwenye mzigo wa chini. Ama ipelekwe na wakala wa meli anayekubali mizigo ya hatari, ama uinunulie mtu wa huku na wa nyumbani umtafutie ya kukanyaga.